Mshororo Mmoja wa Ujiji

Ujiji, mji pacha wa Kigoma, pana makumbusho ya David Livingstone. Mgeni aingiapo hulakiwa na sanamu mbili zikivuliana kofia: Livingstone na Stanley, mwaka 1871. Bustanini, penye jiwe la ukumbusho, imesimama miembe isemwayo kuwa ni uzao wa ule wa asili. Kivuli chake ni kizuri, na utulivu wake humvuta mtu kukaa.

Lakini hata kuta zikisimulia mengine, jicho huzirudia sanamu. Aliyetangulia kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Naye Susi, pamoja na Chuma na wenzao, ndio walioubeba mwili wa bwana wao kutoka Chitambo mwaka 1873 hadi kuufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Mmoja wa wakubwa wa mji zama hizo alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara Mswahili, na njia iliyoanzia hapa ilipitisha pembe na watumwa.

Mshairi anajua kuwa mshororo mmoja, hata ukitimia vina na mizani, kwa kawaida haujawa ubeti. Makumbusho haya yameutunga wa kwanza vyema. Iliyosalia ni ya wale waliobeba.