Uwezekano na Idadi: Uhakiki wa Istilahi katika Ufundishaji wa Themodinamiki Takwimu

Kwenye kaburi la Ludwig Boltzmann mjini Vienna imechongwa fomula S = k log W. Herufi W inahusishwa na neno la Kijerumani Wahrscheinlichkeit, yaani uwezekano. Hata hivyo, uwezekano wa kihisabati hauzidi 1, ilhali W haipungui 1: ni idadi ya mipangilio ya atomi inayozaa hali moja ya jumla. Kijerumani chenyewe, basi, kilijikwaa hapa. Kiswahili hakina sababu ya kuona haya, ila kina sababu ya kujihadhari.

Kitabu cha Daniel Schroeder, An Introduction to Thermal Physics (2000), kinauepa mtego huo kwa kutanguliza kuhesabu. Sarafu tatu zikirushwa hutoa matokeo 8, na matatu kati yake yana vichwa viwili. Kisha huja yabisi mbili, kila moja ikiwa na vitetemi 3, zinazogawana vipande 6 vya nishati. Mipangilio yote ni 462. Mgawanyo sawa una mipangilio 100; nishati yote kukusanyika katika yabisi ya kwanza ina 28. Tukio hili la pili ni nadra, lakini linawezekana. Vitetemi vikiongezeka hadi kufikia idadi ya atomi katika kipande cha chuma, unadra huo huwa mkubwa kiasi kwamba joto halionekani kamwe likihama lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto. Hoja yote hubebwa na dhanio kwamba kila mpangilio una nafasi sawa. Mwalimu akilipita haraka, 100/462 hubaki tarakimu tupu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapobanwa. “Uwezekano” hubeba maana mbili: jambo kuweza kutokea, na kipimo cha kutarajiwa kwake. Kauli “hakuna uwezekano wa joto kurudi” husomeka kama katazo la maumbile, na sheria ya pili ya themodinamiki hupoteza sura yake ya kitakwimu. Kuifasili entropia kuwa “vurugu” huzidisha tatizo, kwa kuwa vurugu hulaumiwa, haihesabiwi. “Wingi wa mipangilio” halina mvuto, lakini ni sahihi.

Orodha za istilahi zinazopangwa kialfabeti haziwezi kulitatua hili, maana huyatenga maneno yanayopaswa kufafanuliwa pamoja. Nomino “uwezekano” iachiwe kipimo chenye tarakimu, kama 100/462, na kitenzi “kuwezekana” kibaki kwa lile linaloweza kutokea, hata likiwa 28 kati ya 462.