Kamusi ya Stokoe na Mafunzo ya Lugha ya Ishara Chuoni

Mwaka 1965 William Stokoe, Dorothy Casterline na Carl Croneberg wa Chuo cha Gallaudet, mjini Washington, walitoa kamusi ya lugha ya ishara ya Marekani. Kamusi hiyo yastahili kuhakikiwa na walimu wa lugha, hasa kwa sababu ya mpangilio wake. Kwani ndani ya mpangilio huo mna hoja nzito kuhusu maana ya kuifundisha lugha ya ishara katika chuo kikuu.

Tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880, ambao uliamua kwamba matamshi yatangulizwe mbele ya ishara, shule nyingi za Ulaya na Marekani ziliziona ishara kuwa ni maigizo ya mikono tu. Stokoe, aliyefika Gallaudet mwaka 1955 kufundisha Kiingereza, alilipinga wazo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1960. Alionyesha kuwa ishara hugawanyika katika viambajengo vitatu: mahali inapofanyikia, umbo la mkono, na mwendo. Mathalani, kidole cha shahada kikipitishwa mbele ya kipaji cha uso huku kikikunjwa, maana yake ni majira ya joto; penye pua, ni ubaya wa sura; penye kidevu, ni ukavu. Kilichobadilika ni mahali tu, kama vile sauti moja inavyotenganisha 'pata' na 'bata' katika Kiswahili.

Kamusi imejengwa juu ya msingi huo. Ishara zimepangwa kwa kufuata viambajengo vyake zenyewe, na Kiingereza kimewekwa katika faharasa. Hivyo, msomaji aliyeona ishara asiyoijua aweza kuitafuta. Orodha iliyopangwa kwa maneno ya Kiingereza haimpi uwezo huo; humtaka ajue kwanza tafsiri ya kile anachokitafuta.

Kazi hii haikosi dosari. Alama zake huandika mikono, na uso huachwa nje, ingawa kunyanyua nyusi hugeuza kauli kuwa swali. Uelekeo wa kiganja nao haukuhesabiwa kuwa kiambajengo kamili. Uliongezwa na Robbin Battison na wenzake katika miaka ya 1970. Aidha, Stokoe alibuni istilahi mpya mahali pa 'fonimu', akichelea kwamba neno hilo ni la sauti. Wanaisimu waliomfuata waliirudia fonimu, na kwa kufanya hivyo waliitilia nguvu hoja yake kuliko yeye mwenyewe.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nyongeza iliyoandikwa na Croneberg yawatazama viziwi kama jumuiya ya lugha yenye lahaja zake, zikiwemo tofauti kati ya ishara za weusi na za weupe katika majimbo ya Kusini, ambako shule zilitenganishwa kwa rangi. Croneberg na Casterline walikuwa viziwi. Ujuzi wao ndio uliomwezesha Stokoe, msikiaji, kuithibitisha nadharia yake.

Mafunzo ya kamusi hii yaihusu Kenya pia. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa kuitafiti mwaka 1991. Lakini heshima ya kisheria haitoshi. Chuo kinachoifundisha lugha hii kama orodha ya ishara za kutafsiria maneno ya Kiingereza hufundisha Kiingereza kwa mikono. Hapana budi mwanafunzi aanze na fonolojia na sarufi yake, afundishwe na wahadhiri viziwi, na mafunzo hayo yawe na makao katika idara ya lugha, wala si katika elimu maalumu peke yake. Idara isiyokubali hayo itakuwa bado imesimama Milano.