Vitabu Vimefika, Vifaa Havijafika

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeiweka maktaba kapu moja na kamari, sinema na leseni za pombe. Zote zimehesabiwa kuwa utamaduni na burudani, na zote ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na sekondari zikabaki chini ya serikali ya kitaifa. Ukijiuliza kwa nini kijana wa Kitui au Makueni huingia maktabani kutafuta kiti cha kudurusia mtihani tu, anzia hapo.

Mtindo uliozaa maktaba nyingi za vijijini ulikuwa wa busara. Wanajamii walitoa ardhi na jengo. Huduma ya Maktaba za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, ikaleta vitabu na mkutubi. Pasipo na jengo, vitabu viliwafuata watu: tangu 1996 huko Garissa, ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu na mwenzake hema. Baadaye shirika la Worldreader likaleta visomeo vya kielektroniki vya Kindle katika maktaba za taifa.

Njia zote tatu zilileta vya kusoma. Kitabu hununuliwa mara moja, kikapigwa muhuri, kikasomwa miaka kumi. Sayansi na sanaa hula betri, rangi, gundi na udongo kila muhula, na mkutubi anayekaguliwa kwa vitabu vilivyo rafuni hana sababu ya kununua kitu kitakachoisha.

Ukambani, ziliko Kitui na Makueni, ukosefu huo wa vifaa unauma zaidi, kwa kuwa somo lenyewe liko mtoni. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui. Ukuta hukatiza mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa katikati ya chembe, mbali na jua. Haya yote yanaingia katika chupa tatu za plastiki zilizokatwa shingo: moja mchanga mkubwa wa mtoni, ya pili mchanga laini, ya tatu udongo wa mfinyanzi. Mimina maji yaliyopimwa. Lita moja ya mchanga mkubwa itameza karibu theluthi ya lita. Kisha toboa kitako na upime yanayotoka. Mfinyanzi nao umekunywa, ila hautoi. Kijana akishaona hivyo ataelewa kwa nini mafundi wengine hupandisha ukuta kwa awamu: tope laini lipite juu na maji, mchanga mzito ubaki. Hakuna maabara iliyohitajika hapo, isipokuwa meza ambayo mkutubi hataona uchungu ikilowa.

Sanaa nayo ina walimu tayari. Msusi wa kiondo huhesabu nyuzi za mkonge ili mapambo yakutane yakizunguka. Hiyo ni jiometri, ingawa hajaiita hivyo. Uchongaji wa Wakamba uliokua Wamunyu, jirani na Kitui, unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mafundi wa aina hii wanastahili kulipwa posho ya Jumamosi maktabani. Kuwaalika bure ni kuwadharau.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu wakiwa wamechagua kati ya mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Watakaowafuata wanahitaji pa kujaribu mkono kabla ya kuchagua.

Kwa kuwa maktaba ni kazi ya kaunti, ombi lipelekwe huko. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na Makueni vikao vya wananchi huanzia kijijini. Mzazi, ukipewa nafasi ya kusema hapo, usiombe tu maktaba iboreshwe. Taja vitu: vyombo vya kupimia, rangi, mkonge, posho ya fundi. Kisha dai viandikwe katika fungu lake, mbali na la vitabu.