Bastola Isiyowezekana: Maleba, Silaha na Kumbukumbu katika Mazungumzo ya Mashabiki wa Filamu ya Sergio Leone

Filamu ya Sergio Leone, Il buono, il brutto, il cattivo, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza nchini Italia mwezi Desemba 1966 na kujulikana zaidi kwa jina la Kiingereza The Good, the Bad and the Ugly, imehakikiwa sana kwa upande wa muziki wa Ennio Morricone, picha zake za karibu na msimamo wake kuhusu vita. Upande ambao haujapewa uzito unaostahili ni ule unaowashughulisha zaidi watazamaji wake waaminifu, yaani vitu. Bastola ipi ilitumika? Daraja lililipuliwa mara ngapi? Mifupa iliyolala jenezani ni ya nani? Wahakiki wa vyuo vikuu huyaona mazungumzo hayo kuwa porojo za watu wenye nafasi. Sehemu hii inaipinga dharau hiyo, ingawa haikubaliani na kila hitimisho wanalolifikia mashabiki wenyewe.

Shtaka linalorudiwa kuliko yote linahusu bastola ya mhusika aliyeigizwa na Clint Eastwood. Hadithi inatokea mwaka 1862, wakati wa kampeni ya Jenerali Sibley huko New Mexico. Bastola yenyewe ni Colt ya mwaka 1851, aina ya Navy, na kufikia hapo hakuna la kulalamikia, kwa kuwa aina hiyo ilikuwapo na ilitumiwa na pande zote mbili za vita. Tatizo ni jinsi inavyoshindiliwa. Bastola ya asili ilipakiwa kwa mbele, tundu moja baada ya jingine: baruti, kisha risasi ya mviringo, kisha fataki nyuma ya kila tundu. Kwa maneno mengine, ilikuwa gobore la mkononi lenye matundu sita. Katika filamu, mhusika huyu anaingiza kwa nyuma risasi za shaba zilizokwisha kuundwa, na mkanda wake umejaa risasi hizo zinazometa juani.

Mashabiki wengi huishia kusema kwamba hilo ni kosa la miaka michache. Lakini walio makini zaidi miongoni mwao wamekwenda mbali kuliko wahakiki wengi. Wameonesha kwamba silinda iliyotobolewa mpaka nyuma ili kupokea risasi za namna hiyo ilikuwa imelindwa kwa hataza ya Rollin White, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Smith & Wesson hadi mwaka 1869. Kampuni ya Colt haikuruhusiwa kuitengeneza. Kwa hiyo mhusika wa Leone amebeba kitu ambacho sheria ya nchi ilikuwa imekizuia, na ambacho kingengoja miaka saba zaidi. Huu ni uchambuzi wa kina wa matini, unaounganisha kitu kidogo kinachoonekana kwenye kioo na historia ya sheria na biashara. Ungefanywa juu ya neno moja katika utenzi wa kale, hakuna mtahini ambaye angeuita porojo.

Udhaifu unaanza pale kosa linapokwisha kuthibitishwa, kwani mazungumzo husimama hapo kana kwamba kesi imefungwa. Swali la kwa nini bastola hiyo ilichaguliwa huachwa. Jibu lake la kwanza ni la kiwandani. Aldo Uberti alianzisha warsha yake huko Gardone Val Trompia, kaskazini mwa Italia, mwaka 1959, wakati Marekani ikijiandaa kuadhimisha miaka 100 ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, na alianza na nakala ya Navy ya mwaka 1851. Filamu za kauboi za Italia zilipochipuka, silaha za kuigiza zilikuwa tayari zinapatikana jirani. Zaidi ya hayo, kushindilia baruti na kubandika fataki kati ya kila picha na nyingine kungekula saa nyingi za kazi, ilhali risasi za baruti tupu huingizwa kwa dakika chache.

Wapo wanaomtetea Leone kwa kudai kwamba hakuijali historia, kwamba alitunga ngano tu. Utetezi huo haufai. Leone mwenyewe alisisitiza mara nyingi kwamba alifanya utafiti, na kambi ya mateka ya Betterville katika filamu hii aliijenga akiwa na Andersonville akilini. Andersonville ilikuwa gereza la upande wa Kusini, katika jimbo la Georgia, nayo ilifunguliwa mwaka 1864. Leone aliirudisha nyuma miaka miwili, akaihamishia magharibi, na kubwa kuliko yote, akaikabidhi kwa jeshi la Kaskazini, washindi ambao historia iliyozoeleka huwasafisha. Hapo ukiukaji wa wakati ni hoja. Unasema kwamba ukatili haukuwa na sare moja. Ule wa bastola hausemi kitu. Unarahisisha kazi tu. Orodha za mashabiki huyaweka mambo haya mawili katika mstari mmoja, namba saba na namba nane, na hapo ndipo maarifa yao makubwa yanapokosa kuzaa uhakiki.

Tukio la duka la silaha lathibitisha hasara hiyo. Tuco, aliyeigizwa na Eli Wallach, anaingia dukani, anazifungua bastola za aina mbalimbali, anachukua mtutu huku na silinda kule, anaizungusha silinda karibu na sikio na kusikiliza mlio wake, kisha anajiundia bastola moja anayoipenda. Wajuzi wa silaha hulalamika kwamba vipande hivyo visingeshikamana. Wakati huohuo husimulia kwa furaha kwamba Wallach hakuzijua bastola na aliachiwa afanye apendavyo. Kauli hizo mbili husemwa na watu walewale bila kuunganishwa, ilhali zikiunganishwa ndipo tukio linapofunguka. Mwigizaji asiyejua anaigiza ujuzi mbele ya muuza duka anayejua, na muuzaji anaamini kiasi cha kumpa risasi. Dakika chache baadaye anaporwa kwa bastola ileile. Ujuzi wa Tuco umo katika ishara za mkono na sikio, na mtazamaji anadanganywa sawasawa na muuza duka. Ukidai vipande vishikamane, umeuondoa mzaha wenyewe.

Simulizi za nyuma ya kamera zina tabia nyingine. Daraja kubwa lililojengwa na wanajeshi wa Hispania lililipuliwa kabla kamera hazijawashwa, baada ya ishara kueleweka vibaya, ikabidi lijengwe upya. Wallach nusura akatwe kichwa na vidato vya mabehewa ya treni, na safari nyingine alikunywa tindikali iliyoachwa katika chupa aliyodhani ni ya kinywaji. Yote haya husimuliwa kama vichekesho. Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyekulia katika vibanda vya video anakumbuka kanuni kwamba steringi hafi. Inaelekea kanuni hiyo imevuka kioo na kumkinga hata mwigizaji katika masimulizi ya mashabiki wake.

Kanuni hiyo ilivunjika tarehe 21 Oktoba 2021 huko New Mexico, wakati wa maandalizi ya filamu ya kauboi iitwayo Rust. Halyna Hutchins, mkuu wa upigaji picha, aliuawa kwa risasi ya moto iliyotoka katika bastola ya kuigiza, nayo ilikuwa nakala ya Colt iliyotengenezwa Italia, na mwongozaji alijeruhiwa. Risasi za moto zilikuwa zimechanganyika na zile bandia zisizo na baruti. Tangu hapo maarifa ya wapenzi wa maleba yamebadilika uzito. Kujua kwamba risasi bandia huwekwa gololi ndani ili ilie inapotikiswa, au hutobolewa ubavuni, si udadisi wa mkusanyaji tena. Neno maleba nalo linahitaji kutazamwa upya, kwa sababu linavaa joho na bastola nguo moja. Joho la mfalme wa jukwaani haliwezi kutawala, lakini bastola ya jukwaani inaweza kuua.

Kinyume chake kinaonekana katika mkoa wa Burgos, Hispania, yalikojengwa makaburi ya Sad Hill kwa ajili ya pambano la mwisho. Yalikuwa na makaburi bandia yapatayo 5000, kisha yakaachwa, yakafunikwa na nyasi. Mwaka 2015 mashabiki walianza kuyafukua kwa majembe na mikono mpaka wakaufikia uwanja wa mawe ulio katikati, na mwaka uliofuata filamu ikaoneshwa papo hapo katika kutimiza miaka 50. Ili kugharamia kazi, walioko mbali walichangia fedha na majina yao yakaandikwa kwenye misalaba. Miongoni mwa masimulizi yanayorudiwa kuhusu mahali hapo ni kwamba mifupa inayoonekana katika jeneza la Arch Stanton ilikuwa ya binadamu kweli, mwigizaji aliyeusia kwamba angependa kuendelea kuigiza baada ya kufa. Simulizi hiyo huaminiwa kwa urahisi ambao mashabiki haohao hawaupi mkanda mmoja wa risasi. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, mifupa halisi ilizikwa katika kaburi la uongo, na leo juu ya makaburi ya jirani yake yamesimama majina ya watu walio hai.