Manju Ndani ya Ngoma Yake

Uko mchezo wa masimulizi uchezwao mezani na watu wachache, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mmoja tu, mwendeshaji, huumba nchi, maadui na hatari, na dadu ikiangushwa yeye ndiye atamkaye lililotokea. Kundi likiwa dogo, mara nyingi naye hujitwalia mhusika. Je, yafaa mtu awe hakimu na mshindani pamoja?

Wasukuma, wenyeji wa Shinyanga na Geita, walikwisha kulikabili swali hili uwanjani. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, yafanywayo baada ya mavuno, manju hutunga nyimbo, huwapanga wachezaji, kisha husimama mbele mwenyewe, akijisifu na kumkejeli mpinzani. Wala hahesabiwi kuwa mdhalimu, kwa sababu hukumu haimo mkononi mwake: ngoma mbili huchezwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hata dawa yake ya mvuto huzielekea nyoyo za watazamaji, ndio waamuao.

Basi kosa la mwendeshaji si kuwa na mhusika. Kosa ni kumpa huyo mhusika siri aijuayo yeye peke yake, na ushindi ambao wenziwe hawana njia ya kuukataa. Mhusika wake na asaidie safari, asiichague njia. Na penye shaka juu yake, wenziwe waamue. Ajichezeaye ngoma peke yake asishangae uwanja ukiwa mtupu.