Mwimbaji na Mlango Uliofungwa

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kumesalia santuri au kanda za zamani, yamkini imo sauti ya Miriam Makeba akiimba "Malaika". Mwaka 1960, akiwa ugenini, alifiwa na mamake mzazi; akataka kurudi Afrika Kusini kumzika, makaburu wakamkatalia. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, na nyimbo zake zikapigwa marufuku kwao. Namtanguliza yeye kwa sababu katika ubishi huu wa waimbaji na kususia nchi, watu hupenda kuanza na mgeni na uhuru wake wa kuimba atakapo, wakamsahau mwenyeji aliyefungiwa mlango.

Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Wapo waliokwenda. Frank Sinatra aliimba Sun City mwaka 1981, na kundi la Queen mwaka 1984. Hapo mimi sioni ubishi. Sun City ilikuwa hoteli na nyumba ya kamari katika Bophuthatswana, "nchi" iliyobuniwa na makaburu mwaka 1977 ili Mwafrika aitwe mgeni katika ardhi yake. Mwimbaji mashuhuri akipanda jukwaa la pale, nchi ya kubuni hupata sura ya nchi ya kweli. Hiyo ndiyo bidhaa iliyonunuliwa, wala si sauti.

Penye uzito ni "Graceland", santuri ya Paul Simon iliyotoka mwaka 1986. Huyu alikwenda Johannesburg mwaka 1985 kurekodi na wapigaji Waafrika, akawalipa mara tatu ya kiwango cha New York, na Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo akaandikwa pamoja naye kuwa mtunzi. Kazi yenyewe ni nzuri mno. Asiyekiri hivyo ana chuki au hana masikio. Lakini Harry Belafonte alikuwa amemshauri azungumze kwanza na wapigania uhuru wa ANC, naye akaenda bila ya ruhusa yao. Kumlipa mtu vizuri ni haki yake. Hakukuondolei wajibu wa kubisha hodi.

Aprili 1987 waimbaji wenzake walimpinga nje ya ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Na ndani, jukwaani pamoja naye, alikuwamo nani? Miriam Makeba yule yule, na Hugh Masekela, mkimbizi mwenziwe! Basi wenye jeraha wenyewe hawakuwa na kauli moja, na sababu yao ilikuwa ya haki: kususia kulikomzuia mgeni asiingie kulimzuia pia mpigaji wa Soweto asitoke. Kamba ile ile ilimfunga mwizi na mwenye mali. Mwezi uliofuata Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alitamka kwamba utamaduni wa wananchi wanaopinga ubaguzi usitiwe katika mgomo huo. Neno hilo lilipaswa kutoka kinywani mwake. Mgeni hakuwa na idhini ya kujitolea fatwa mwenyewe.

Vikwazo hivyo viliondolewa Desemba 1991. Januari 1992 Paul Simon akarudi Johannesburg kuimba hadharani. Wapo vijana waliompinga hata hapo, lakini Nelson Mandela alimpokea. Safari hii alikuwa ameuliza.