Majina Mawili ya Mfalme: Kuisoma Upya Habari za Wakilindi

Mafarao wa Misri ya kale waliyazungushia majina yao duara refu, mithili ya pete iliyovutwa. Mfalme alikuwa na pete mbili: moja ya jina la kuzaliwa, nyingine ya jina la kutawazwa. Champollion, Mfaransa aliyeifungua hati hiyo mwaka 1822, alishika ufunguo kwa majina hayo ya kifalme. Aliyesoma pete moja tu alimjua mtu, hakumjua mfalme.

Nasi tunacho kitabu kinachodai kusomwa hivyo: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, karani wa Semboja huko Mazinde na baadaye liwali wa Tanga. Tangu toleo la 1962 wanahistoria wamekichota kama kisima. Sisi wapenzi wa tungo tumekipita, na hasara ni yetu.

Mtazame Mbegha. Anaingia kisani akiwa kigego, aliyetangulia kuota meno ya juu, amekataliwa na jamaa zake wa Ngulu. Hilo ni jina la mtoro. Anapanda milima ya Usambara, anawagawia wenyeji nyama ya mawindo, anaua simba; Wasambaa wanampa jina la mnyama aliyemuua. Tangu hapo mtawala wa Vugha huitwa Simba Mwene. Aliyenyimwa urithi wa damu amerithishwa nchi kwa neno. Ni utenzi mzima, ila haukupangwa kwa vina.

Sasa mtazame Semboja. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ukoo ulipasuka. Semboja alikuwa na bunduki na biashara ya misafara. Akamtoa Shekulwavu Vugha. Lakini alimweka mwanawe kitini, mwenyewe akabaki Mazinde, chini ya mlima. Nguvu alikuwa nazo, jina hakulivaa. Msomaji asisahau kuwa kalamu iliyotusimulia ilikuwa ya karani wake.

Matamshi nayo yana mitego. Krapf, aliyepanda huko mwaka 1848, na Burton mwaka 1857, wote waliandika Fuga mahali pa Vugha. Wazoefu wa miswada yetu hawatashangaa: katika hati za Kiarabu fa ilibeba f na v, na kasra ilibeba i na e. Herufi peke yake haitoshi. Lazima pawe na sikio la mwenyeji.

Wajerumani nao walileta pete yao. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaizari. Pete hiyo imefutika, Lushoto imebaki. Lakini mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya toleo lile, sheria ya machifu ilifutwa Tanganyika, na Simba Mwene akakosa kiti cha serikali. Kitabu kikawa ndicho pete.

Kwa hiyo nadai toleo jipya litakalotenga bayana jina la mtu na jina la kiti, na kuyapa majina matamshi ya Kisambaa. Jina la mfalme likisomwa vibaya, anayepotea si mfalme peke yake, bali pia wale waliompa jina.